Mpini Uliokuwa Unakua

Sisi tulimwita Mkunga, ingawa kwa miaka yote niliyokaa jirani naye hapa Nchelenge, Zambia, hakuzalisha hata mbuzi. Ukunga aliuacha ng'ambo, upande wa Kongo, siku aliyovuka ziwa. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi sitaeleza. Mengine siyajui, na machache ninayoyajua hayakusaidii kumwona. Kumwona inabidi uanze na mikono. Ilikuwa mifupi na minene, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama, na ilinuka mawese. Akikusalimu hakuachii upesi. Anaugeuza mkono wako, anabonyeza pale chini ya kidole gumba, anaguna, ndipo anauliza habari za nyumbani. Wanaume wageni walidhani anawapigia ramli.

Kazi yake, aliyoifanyia kwenye kibaraza kinachotazama maji, ilikuwa kubadilisha mipini ya visu vya kukunja, vile vidogo vya mfukoni. Visu hivyo vinafika sokoni vyote sawasawa, na vibao vyake vya plastiki vinateleza. Mtu anayeshinda na samaki mkononi hawezi kukiamini kisu kinachoteleza. Mkunga alikipokea, akavisugua kwa tupa vichwa vya misumari mpaka vikaisha, akavibandua vile vibao viwili vya kiwandani na kuvitupa uani pamoja na maganda ya mihogo. Kisha alimtazama mwenye kisu.

"Umekulya?"

"Nimekulya, mama."

"Bon, rudia kesho na njaa. Mukono ya mutu ameshiba inalala."

Kesho yake mtu akirudi na njaa, anakuta bukari imepikwa, huo ugali wetu wa muhogo unaovutika, na Mkunga amekaa na mwiko mkononi. Anamkatia kipande. "Finya kama unakulya kwako. Hapana kufinya kama uko kwa bakwe." Mtu anafinya tonge, anataka kulipeleka kwenye mboga, na hapo hapo Mkunga anamnyang'anya. Alama za vidole zimebaki pale zote, hata ile ya kidole kidogo ambacho wengi hatujui tunakifanyia nini. Tonge analiweka kwenye sinia kivulini mpaka linakauka na kuwa gumu, na kwa tonge hilo anachonga mpini. Anashika tonge, anashika mti, anashika tonge tena, macho yamefumbwa. Mwenye kisu anapewa bukari iliyobaki na samaki, maana hakuna aliyewahi kuondoka pale na njaa.

Niliwahi kumwuliza kwa nini asimpe mtu udongo wa mfinyanzi afinye. Alinionea huruma. "Mama Chola, udongo mutu anaishika mara ngapi? Bukari anaishika kila siku ya Mungu. Mukono inajisahau pale. Njo pale mi namukamata." "Njo" yao ni "ndiyo" yetu.

Nitawaambia mimi ni nani ili mjue macho yanayomwona. Nauza salaula, nguo za mitumba, sokoni Kashikishi, na sina subira. Sipendi mtu anayetazama maji bila sababu. Lakini kiangazi, mchana ule ambao ziwa letu la Mweru linakuwa jeupe na huoni maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, na kisiwa cha Kilwa, siyo Kilwa ya pwani, kinaning'inia katikati bila kushika chochote, nilijikuta nimekaa kwenye kibaraza chake na marobota yangu yakinisubiri sokoni. Kulikuwa na mlio wa tupa tu. Harufu ya mti unaochomwa ilipita, ikarudi. Wakati mwingine tupa ilinyamaza, nikamwona ameshika tonge la mtu, uso umegeukia ng'ambo, na hata nzi alikuwa akitembea mkononi mwake bila kufukuzwa. Kwa muda huo hakuwa pale. Sikumsemesha. Mimi ninayemsemesha kila mtu, pale nilinyamaza, na nilipenda.

Mti alioupenda ni mubanga, ule mgumu ambao watu wa hapa wanachongea michi ya kutwangia. Mchi ukivunjika nyumba yoyote ya mtaa wetu, haukutupwa, uliletwa kwake. Alisema mchi ulioshikwa na wanawake miaka mingi umeshafundishwa kushikwa, haulazimiki kufundishwa upya. Alikata vibao, akatoboa matundu kwa spoku ya baiskeli iliyopashwa moto kwenye mbaula, jiko letu la mkaa, mpaka ikawa nyekundu, akaviloweka ndani ya mawese kwenye kopo, akavisugua kwa majani ya msasa. Misumari pia ilikuwa vipande vya spoku, akivigonga juu ya pasi ya mkaa aliyoigeuza tumbo juu na kuibana kwa magoti. Wauza samaki wa kike walitaka rangi, basi aliwapachikia vipande vya miswaki ya plastiki, nyekundu na kijani, na wakaringa navyo kanisani mpaka padre akauliza ni chama gani.

Lakini yeye mwenyewe hakuwa na kisu jikoni. Ndiyo, mwanamke yule! Kitunguu alikikatia kisu changu, alichokiazima kupitia tundu la uzio wa matete, na kukirudisha hakurudisha mpaka nifuate. Kuku hakuweza kuchinja. Damu aliyoiona kwenye ukunga ilikuwa imemtosha, alisema, na jogoo wa Noeli alimpeleka kwa mchungaji wa Kilokole achinjwe, ingawa yeye ni Mkatoliki na wawili hao hawakusalimiana mwaka mzima. Kisu hakukupa mkononi. Alikikunja, akakiweka juu ya kigoda, akaondoa mkono wake kabisa, ndipo wewe ukakichukua. Vijana waliopenda kukifungua kwa mkono mmoja, tap, kama kwenye filamu, aliwafukuza kwa mwiko.

"Iko chombo ya kazi, si muziki!"

Alikuwa pia mkaidi. Kijana mmoja mwenye kibanda cha simu alileta kisu, akafinya tonge lake vizuri, na kuku wa Mkunga akalila juu ya sinia. Akaitwa tena. Kuku akala tena, maana alishaijua njia. Mtu mwingine angefunika sinia kwa kikapu, au angemfunga kuku. Mkunga alisema kuku ana njaa yake na sinia lina mahali pake, na hakuhamisha hata kimoja. Kijana aliendelea kuitwa kula mpaka suruali zikambana, nikamwuzia nyingine. Tukawa tunamwita mgonjwa wa Mkunga. Kisu chake kilikuja kupatikana siku kuku alipoanza kulalia mayai.

Kuna kisa kimoja nisichokiweka kwenye mizaha. Mvuvi mmoja alikuwa amepoteza visu vingi ziwani, akalia kwa Mkunga kwamba anayalisha maji vyuma. Mkunga akakusanya ndala kuukuu, akakata nyayo zake, akazibandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya viraka vya baiskeli, akachonga mpini mnene wa rangi za ndala zote. Tulikijaribu kwenye beseni. Kilielea, ulimi wake umekunjwa, na tukapiga vigelegele watu wazima. Basi mvuvi akapatwa na dhoruba, kisu kikaenda. Msimu ulipita. Ndipo akafika sokoni mama mmoja wa Kilwa na kisu kile ndani ya kitenge. Alikiokota kwenye matete ya kisiwani. Alisema wanaume wa kule wote walikishika, kila mmoja kikamkataa, huyu kidole kikibaki nje, yule kiganja kikijaa. Akajua kina mwenyewe. Alipita kwenye meza za samaki akiwapa wanaume wakishike, mpaka akampata.

Sote tulicheka na kushangilia. Mkunga hakucheka. Aliacha kazi, akakaa, akaniuliza mara mbili kama kweli kilivuka maji.

"Kilivuka," nikamwambia. "Si umemsikia?"

"Ilivuka, na ilipata mwenyewe," akasema, na machozi yakamtoka. Siku hiyo ndiyo aliyonionyesha kisu chake.

Nimesema hakuwa na kisu jikoni. Chumbani alikuwa nacho, kimefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa. Kilikuwa cha mtoto wake wa pekee. Vita ilipoingia kijijini kwao, mtoto alikuwa kwa bibi yake, safari ya siku nzima kutoka ziwani, na mtumbwi wa kuvuka ulikuwa unaondoka. Watu walimvuta Mkunga ndani, wakimwambia bibi atamleta. Bibi alikimbilia upande mwingine, na njia ikafungwa. Kisu hicho kidogo mtoto alikuwa amekiokota na kumpa mama yake amtengenezee, kwa kuwa mpini ulikuwa umevunjika. Mkunga alivuka nacho ndani ya kitambaa cha kichwa.

Mpini wa kwanza aliutengeneza mwaka ule ule, wa mkono wa mtoto mdogo. Mwaka uliofuata akaona mtoto hakubaki vile. Akabandua vile vibao, akaweka vikubwa zaidi. Na hivyo kila mwaka, mvua zikiisha. Na hapo ndipo nilipofahamu kitu nilichokuwa nikikiona bila kukielewa: kwamba kila mwaka, mvua zikiisha, Mkunga alimwita mwanangu Chola na kumpa tonge afinye. Chola na mtoto wake walikuwa wa umri mmoja. Mimi nilidhani anampendelea mwanangu tu, nikajivuna.

Vibao vilivyopitwa hakuvitupa. Alivitia kwenye kopo la maziwa ya unga, jozi kwa jozi, na kopo lilipotikiswa lililia.

Habari za kijana zilikuja kwa wafanyabiashara wanaovusha samaki. Yuko. Anakua. Bibi amekufa. Yuko Lubumbashi. Baadaye, simu zilipoenea, sauti yenyewe ilikuja, nzito, yenye heshima mno. Alisema ndiyo mama, hapana mama, merci mama, ndiyo asante yao. Hakusema atakuja. Mkunga alikata simu na kukaa ameishika kwenye mapaja.

"Sauti nimesikia," akaniambia. "Lakini sauti ni ya mwanaume, simujue. Mama Chola, we unazania atanisamehe?"

"Kwa nini asikusamehe? Ulimtupa?"

"Yee anaona nilimutupa. Unasikia vile anasema merci? Mutoto hasemi merci na mama yake vile." Akafungua kitambaa, akakiweka kisu juu ya kigoda. "Siku atakuya, nitamuwekea hii. Kama inamuingia mukononi, atajua sikumuacha hata mwaka moja. Kama inamukatala, atasema: huyu mama hanijue. Na atarudia kwake."

Nilitaka kumwambia kisu ni kisu. Badala yake nikamsogezea kitambaa. Aliiamini mikono kuliko alivyoyaamini maneno, na kwa kweli yeye na mwanawe maneno hawakuwa nayo.

Chola alipooa, mkono wake wa mtu mzima ukawa hauongezeki tena. Mkunga alimwita kwa mara ya mwisho. Alichonga polepole kuliko siku zote, mubanga wa mchi uliokuwa wa mama mkwe wangu, wenye rangi ya chai ya rangi. Kidole gumba kilikuwa na kitanda chake, vile vingine vinne kila kimoja na mfereji wake. Chola alikishika akasema, "Mayo, kaboko kangu aka!" yaani mama, huu ni mkono wangu! Mkunga akamwambia akirudishe kigodani haraka.

Kijana alikuja kiangazi kilichopita, asubuhi ya ukungu, ziwa halionekani kabisa. Alikuwa ameshuka kutoka Chienge, mpakani, na gari la mizigo, akaja mpaka kwetu juu ya magunia ya samaki wakavu. Alisimama kwenye uzio wangu badala ya ule wa Mkunga. Mtu mrefu, begi moja, viatu amevipiga rangi na vumbi limevirudia.

"Jambo yenu, mama. Natafuta mama moja wa Kongo, anatengenezaka bisu."

Nilimjua kwa paji la uso, lile lile la mama yake. Nilimpeleka mwenyewe, na kwa adabu nilipaswa kurudi, lakini miguu haikurudi. Mkunga alikuwa ameinama juu ya pasi yake. Aliinua uso. Hakuna aliyekimbia kumkumbatia mwenzake. Alisimama, akaushika mkono wa kijana, mkono wa kulia, akaugeuza, akabonyeza chini ya kidole gumba. Hakuguna. Akaingia ndani akatoka na kitambaa na kopo.

Kwanza alimwaga kopo juu ya mkeka. Vibao vilimwagika, vidogo sana hadi vikubwa. Akavipanga kwa jozi, na kijana akachuchumaa. Aliokota ile jozi ndogo kuliko zote, akaibana kati ya vidole viwili, kisha akagusa jozi moja moja mpaka ile kubwa, kama anayehesabu miaka, nikaona ameelewa.

Ndipo Mkunga akaweka kisu juu ya kigoda na kuondoa mkono.

Kijana alikichukua kwa mkono wa kushoto.

Nilikiona kile kisu kikimkataa. Kitanda cha kidole gumba kilikuwa upande usiokuwa na kidole gumba. Mifereji minne ilikuwa imetazama kiganja. Alijaribu kukifungua, kikamteleza, akakidaka, akajaribu tena kwa adabu, kama mtu anayelazimisha kiatu cha zawadi. Mkunga alikuwa amekaa chini. Sikumbuki alikaa lini.

"Mama," kijana akasema taratibu, "mi natumika na kushoto."

Tuliwasikia wanawake wakipakua samaki kule ndani ya ukungu, lakini hatukuwaona.

"Njo," Mkunga akasema. "Njo vile. Na mi njo nilikuwa nakupiga. Na mwiko. Juu ya vidole. Kila wakati unaingiza kushoto mu sahani." Alikuwa akiutazama ule mkono. "Nilisahau. Yesu wangu, mi naangaliaka mukono ya bantu bote, na mukono ya mutoto wangu nimesahau."

Nilikuwa na uhakika kijana atachukua begi lake.

"Mi sikusahau," kijana akasema. Akakihamisha kisu mkono wa kulia. Kiliingia. Hata mimi niliona kilivyoingia, kidole gumba kikalala kitandani mwake, vidole vinne vikajaa mifereji, hakikubaki hata upenyo. "Angalia. Hii njo mukono ya kulya. Bibi aliniambia nikulye vile nataka, eko peke yake, hana nguvu ya kupiga mutoto. Mi nikakatala. Nilisema mama atarudia, atanikuta nakulya mubaya. Mupaka leo. Hata kama niko peke yangu mu nyumba, nakulya na hii." Akakitazama kisu. "Kila kazi nafanya na kushoto. Kulya tu, hapana. Ile ilikuwa ya kwako."

Mkunga alilia kwa sauti, na mimi nililia kwa sauti zaidi yake, jambo ambalo halikuwa sawa kwa jirani tu.

Kisha akainuka, akajipangusa kwa kitenge, akaweka sufuria kwenye mbaula. Hakuuliza kama kijana ameshakula. Alisonga bukari kwa nguvu ambayo sikuiona kwake kwa miaka, samaki wakapashwa, maji ya kunawa yakaletwa. Kijana alinawa mikono yote miwili, akapeleka wa kulia. Mkunga akauzuia kwa mwiko, taratibu, ukingo wa mti juu ya vidole.

"Leo utakulya na kushoto."

"Na kushoto?"

"Na kushoto."

"Mbele ya bantu, mama?" Na akanitazama mimi.

"Miye sioni kitu," nikasema, nikageukia ziwa ambalo kweli halikuonekana.

Lakini niliona, sitawadanganya. Niliona mkono ule ukishuka kwenye sahani, umechelewa, unasitasita, ukikata tonge lililo kubwa kuliko lazima kwa sababu haukuwahi kuzoea. Alilifinya. Mkunga akakinga kiganja chake, na kijana akaliweka pale. Mkunga akafumba macho, akalipitia kwa kidole gumba, mfereji mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, bila haraka yoyote. Kuku alikuja mpaka ukingoni mwa mkeka akasimama.

Nilingoja alipeleke kwenye sinia likauke. Badala yake alilichovya kwenye mchuzi wa samaki, akamrudishia mwanawe katika mkono ule ule wa kushoto, na kumwambia ale kabla halijapoa.